Runinga na mbio za magari kwenye udongo: jukwaa la nani linabaki tupu?

Knoxville ni mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani, wenye wakazi wasiofika elfu nane. Jukwaa la kiwanja chake cha mbio za magari kwenye udongo lina nafasi ya watu zaidi ya elfu ishirini. Kila Agosti, kuanzia Jumatano hadi Jumamosi, hufanyika hapo Knoxville Nationals, mashindano yaliyoanza mwaka 1961, na mji mzima hugeuka kambi ya mahema na magari ya kulala. Kila mzunguko wa siku zote nne unaonekana mubashara mtandaoni kwa aliyelipia, na bado usiku wa Jumamosi ukifika pale bila tiketi mkononi utahangaika.

Anayeshikilia kwamba runinga inaua mapato ya mlangoni inabidi aielezee Knoxville kwanza. Na anayesema haina madhara yoyote aende kwenye kiwanja kidogo cha kijijini, Jumamosi ya kawaida ambayo mbio kubwa zinarushwa kutoka jimbo jingine, ahesabu mabenchi. Mjadala huu haufiki mbali kwa sababu watu wanauliza kama runinga inapunguza watazamaji, basi. Ukiuliza ni jukwaa la nani linalopungua, na ni saa ngapi, mambo yanaanza kueleweka.

Tuanze na udongo wenyewe. Asiyeujua hataona kwa nini saa ya runinga ni jambo zito hapa kuliko kwenye lami.

Kiwanja cha mbio hizi ni duara refu, mara nyingi la kati ya mita 400 na 800, lenye udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Kazi huanza mapema kabla geti halijafunguliwa. Trekta lenye haro linapasua tabaka la juu, sentimita kumi au zaidi kidogo. Boza la maji linapita tena na tena mpaka unyevu uzame, kisha rola linashindilia. Maji yakiishia juu tu, magari yatayafuta kwa mizunguko michache na chini yake mtakuta pakavu. Viwanja vingine huchanganya kloridi ya kalsiamu kwenye maji ili udongo ushike unyevu kwa muda mrefu. Mwisho kabisa magari yenyewe hutumwa kuzunguka polepole, matairi yakimalizia kushindilia. Bonge la udongo ulioandaliwa vizuri ukiliminya kiganjani linashikana kama ugali uliosongwa ukaiva: halitoi maji, halimeguki.

Kuanzia hapo udongo unabadilika kila robo saa. Mwanzoni ni mzito na unashika, magari yanakwenda kasi ya ajabu, na rekodi za muda huwekwa wakati huo. Knoxville, gari la sprinti lenye bawa, yaani gari dogo jepesi la matairi wazi lililotengenezwa kwa mbio hizi, linamaliza mzunguko wa karibu mita 800 kwa takriban sekunde 15. Kisha udongo unaanza kukauka. Upande wa ndani unakuwa mweusi, unang'aa kama sakafu iliyopigwa niru, na ule unaotupwa nje na matairi unajenga tuta dogo kuelekea ukutani. Hapo ndipo mbio tamu zinapozaliwa: dereva mmoja anapita chini kwenye utelezi, mwenzake anaegemeza tairi la nyuma la kulia kwenye tuta, na wote wawili wanatoka kona ya nne bega kwa bega. Mkichelewa zaidi ya hapo, udongo unakauka kupita kiasi. Mpira wa matairi unabaki juu yake na kuchora mstari mmoja mweusi wenye mshiko. Magari yote yanajipanga kwenye mstari huo kama treni, na hakuna tena kupitana.

Kwa hiyo mwandaaji wa kiwanja anayeijua kazi yake anaanza na saa ya fainali, halafu anarudi nyuma. Akijua fainali itaanza saa tatu na nusu usiku, na kwamba jua la Agosti huko Iowa huzama baada ya saa mbili, anajua amwage maji kiasi gani saa tisa alasiri na aache lini. Runinga ikimwambia dakika za mwisho kwamba fainali imesogezwa nusu saa kwa sababu kipindi kilichotangulia kimepitiliza, hesabu yake yote imeharibika. Akimwaga maji upya, udongo utateleza kwa juu na kubaki mkavu chini. Akiacha, mpira utashika.

Somo kubwa la jambo hili lilionekana Bristol, Tennessee. Machi 2021 NASCAR, chama cha Marekani cha mbio za magari yenye umbo la magari ya kawaida, kilizirudisha mbio zake za ngazi ya juu kwenye udongo kwa mara ya kwanza tangu 1970. Kiwanja cha Bristol ni cha zege, basi wakakifunika kwa takriban malori 2,300 ya udongo. Jumamosi ya mchujo ikaja na mvua. Malori ya mashindano, yaani pikapu za NASCAR, yalipotoka, mizunguko michache tu ikatosha tope kuziba vioo vya mbele, ikabidi mchujo ufutwe. Madereva wa magari ya sprinti hawana tatizo hilo. Magari yao hayana kioo, na kwenye helmeti wanabandika tabaka nyembamba za plastiki, moja juu ya nyingine, tope likijaa wanachana ya juu na kuendelea. Gari la NASCAR lina kioo kizima, kwa hiyo haliwezi kukimbia kwenye udongo wenye unyevu ambao mchezo huu unauhitaji. Likataka udongo mkavu, na udongo mkavu ni vumbi.

Jumapili mvua ikanyesha tena, mbio zikasogezwa Jumatatu ya tarehe 29, mchana, jua likiwaka. Vumbi likatimka kiasi kwamba waamuzi wakaagiza magari yaanze upya kwa mstari mmoja kila baada ya kusimama, kwa sababu dereva wa nyuma alikuwa haoni. Mwaka 2022 mbio zikahamishiwa usiku, na siku iliyochaguliwa ikawa Jumapili ya Pasaka, tarehe 17 Aprili. Kwa udongo huo ulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Kwa runinga pia, maana usiku wa Pasaka familia nyingi ziko nyumbani zimekaa pamoja. Kwa jukwaa, la. Tennessee ni nchi ya watu wa kanisani. Unamwambia baba aondoke kwenye chakula cha Pasaka na wakwe, aendeshe gari kwa saa kadhaa, akae na watoto mpaka karibu usiku wa manane, na kesho yake ni Jumatatu. Mbio za 2023 zikawekwa tena Jumapili ya Pasaka, na 2024 Bristol ikarudi kwenye zege. Saa iliyowafaa waliokaa sebuleni haikuwa saa ya kumtoa mtu nyumbani.

Linganisha na Eldora. Kiwanja hicho kiko karibu na Rossburg, Ohio, katikati ya mashamba. Kilijengwa na Earl Baltes mwaka 1954, na mmiliki wake sasa ni Tony Stewart, bingwa wa zamani wa NASCAR. Tarehe 24 Julai 2013 mbio za malori ya NASCAR zilifanyika hapo zikirushwa na kituo cha Speed. Siku ilikuwa Jumatano. Viwanja vya udongo vya Marekani mara nyingi hufanya kazi Ijumaa, Jumamosi na baadhi Jumapili. Jumatano haikumnyang'anya jirani yeyote watu wake, na madereva, mafundi na mashabiki wa eneo zima walikuwa na nafasi ya kuja. Jukwaa lilijaa. Mashindano yakaendelea hapo hadi 2019.

Hapa ndipo suala la jirani linapoingia, na ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana mfano wake mkononi. Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zinazochezwa Jumamosi saa tisa alasiri ya kwao, sisi tunaziona saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili wakati wa baridi yao. Mwingereza aliyekaa London haruhusiwi kuziona mubashara. Huko, kati ya saa nane na dakika 45 na saa kumi na moja na robo ya Jumamosi, mpira haurushwi. Utaratibu huo ulianza miaka ya 1960, na Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, ndiye aliyeupigania sana. Haukuwekwa kwa ajili ya Manchester United. Manchester United ingejaza uwanja hata mechi ingeonyeshwa mara mbili. Uliwekwa kwa ajili ya klabu ya daraja la chini iliyo kilomita thelathini kutoka hapo, ambayo shabiki wake angebaki nyumbani kuitazama United. Na kama unataka kujua hofu yao ilikuwa na msingi au la, pita kwenye kibanda umiza chochote Jumamosi jioni, halafu pita kwenye uwanja wa mtaa palipo na mechi ya ligi ya wilaya.

Mbio za udongo ziko hivyo hivyo. Matangazo kutoka Eldora hayaiumizi Eldora. Yanakiumiza kiwanja cha kila wiki kilicho Illinois au Pennsylvania, ambacho usiku huo kina magari kumi na nane ya wenyeji na zawadi ndogo, na shabiki wake anapima: nitoke niende kuwaona hawa, au nibaki nione mabingwa? Miaka ya 1990, runinga ya kebo ilipokuwa ikionyesha mbio hizi, swali hilo lilijitokeza mara chache kwa msimu. Leo huduma za mtandaoni za DIRTVision, ya kampuni inayoendesha World of Outlaws, mfululizo mkubwa wa magari ya sprinti, na FloRacing zinarusha mbio karibu kila usiku wa msimu. Swali linaulizwa kila wiki.

Tena angalia jinsi watu wanavyolipia. Aliyenunua onyesho moja bado anapima: leo nitoe pesa au nisitoe. Aliyelipa kwa mwaka, na FloRacing kwa muda mrefu iliuza mwaka mzima kwa dola 150, kila usiku kwake ni kama wa bure. Amekwishalipa. Kutoka kwenda kiwanjani ni gharama mpya juu ya ile ya kwanza. Kwa kiwanja kidogo, malipo ya mwaka mzima ndiyo ya kuogopa kuliko onyesho la kununua moja moja, ingawa majadiliano mengi huvichanganya pamoja.

Hao hao waliopanua matangazo ya mtandaoni ndio wametoa sehemu ya dawa, na tuwape haki yao. Madereva Kyle Larson na Brad Sweet walipoanzisha mfululizo wa High Limit wa magari ya sprinti, msimu wa 2023 walizipanga mbio zao katikati ya wiki, zikirushwa na FloRacing. Jumanne usiku hakuna jirani wa kumdhuru. Mwaka uliofuata mfululizo ukapanuka ukawa wa kitaifa na kuingia mwisho wa wiki, na mgongano ukarudi pale pale.

Sasa hesabu, maana promota anaishi kwa hesabu. Takwimu hizi ni za mfano. Weka za kwako. Tuseme kiwanja kinaingiza watu 1,500 kwa dola 15. Hiyo ni dola 22,500. Tuseme matangazo ya mtandaoni yanawabakiza nyumbani 150. Umepoteza dola 2,250 za mlangoni. Kila mmoja wao angekula na kunywa kwa dola 8, hizo ni 1,200 nyingine, na faida yake kubwa ilikuwa yako, kwa sababu soseji na soda ndivyo vinavyolipa taa. Jumla 3,450. Ukiuza onyesho kwa dola 25 na mgawo wako ukawa nusu, unahitaji wanunuzi 276 ili urudi ulipokuwa. Kiwanja chenye dereva mmoja maarufu kinawapata kwa dakika kumi. Kiwanja chenye wenyeji watupu kinaweza kupata arobaini.

Na hapo bado hujagusa geti la nyuma. Viwanja hivi vina milango miwili: wa watazamaji, na wa upande wa mafundi, ambako kila anayeingia na timu analipa, mara nyingi zaidi ya mtazamaji. Kila gari linakuja na fundi wawili watatu, kaka wa dereva, mchumba, mjomba aliyekopesha injini. Kwenye usiku wa kawaida geti hilo la nyuma ndilo linalolipa sehemu kubwa ya zawadi. Mjomba akianza kutazama kwa simu, pengo hulioni jukwaani. Utaliona kwenye bahasha ya mapato.

Kuna kosa moja la bei ambalo linarudiwa kila mahali. Tiketi inauzwa kwa kichwa, matangazo yanauzwa kwa nyumba. Promota anaweka onyesho dola 25 na tiketi dola 20, anadhani amelinda geti. Lakini baba, mama na watoto wawili wakitozwa wote ni dola 80 mlangoni, na sebuleni ni 25. Anayeshindana na runinga kwa bei ya kichwa kimoja ameshindwa kabla ya kuanza. Watoto wa chini ya miaka 12 waingie bure, kila usiku, bila kuponi wala masharti. Mtoto ndiye anayemvuta baba, na mtoto aliyewahi kupigwa na vibonge vya udongo vinavyoruka juu ya uzio haridhiki tena na skrini.

Tatizo jingine ni haki zenyewe. Mfululizo mkubwa unaosafiri unapokuja kwenye kiwanja, mwenye kiwanja analipa ada ya kuupata, na mara nyingi haki za kurusha zinabaki kwa mfululizo. Yeye amebaki na mlango, chakula na hatari ya mvua. Kabla ya kusaini, mambo ya kudai ni haya: mgawo kwa kila mnunuzi anayeishi ndani ya mzunguko wa kilomita fulani kutoka kiwanjani, matangazo ya tiketi za kiwanja kusomwa kila kipindi, na ratiba ya saa iliyoandikwa kwenye mkataba, yenye kipengele kwamba fainali haisubiri runinga. Hicho cha mwisho ndicho wengi wanakiacha, na ndicho kinacholinda udongo.

Wapo wanaodai zaidi, yaani kuzima matangazo kwa watu wa karibu. Wazo hilo lina historia ndefu Marekani. Mbio za Indianapolis 500 zilirushwa mubashara na kituo cha mjini humo mwaka 1949 na 1950, kisha wenye uwanja wakakataa kwa kuhofia jukwaa. Kwa miongo kadhaa wakazi wa Indianapolis wakawa wanaziona usiku, kwa kuchelewa, mpaka 2016 tiketi zilipoisha na zuio likaondolewa mwaka huo. Ligi ya NFL ya mpira wa Kimarekani nayo, kuanzia 1973, ilizuia mechi isionekane ndani ya kilomita 120 hivi kama tiketi hazikuisha saa 72 kabla, na utaratibu huo ukasitishwa mwaka 2015. Kwa kiwanja kidogo cha udongo, kuzima kunaumiza wasiostahili: mzee asiyeweza tena kupanda ngazi za jukwaa, na mama wa dereva aliye zamu hospitalini. Anayeishi karibu na anayeweza kuja ni bora avutwe kwa bei na kwa saa.

Saa ya mtu aliye kwenye benchi haifanani na ya aliye kwenye kochi. Gari la sprinti halina stata wala klachi. Linasukumwa na lori mpaka injini iwake. Mbio zikisimamishwa kwa bendera nyekundu, magari 24 yote yanahitaji kusukumwa tena, na dakika zinakwenda. Nyumbani mtangazaji anazijaza kwa marudio na mahojiano. Jukwaani mtu amekaa kwenye benchi la alumini, mtoto amelala mapajani, hana anachokiona. Viwanja vinavyodumu vinamaliza fainali kabla ya saa nne usiku, vinapunguza mapumziko ya katikati hadi dakika 15, na lori la kusukumia lipo tayari kila kona. Ukiona mapumziko yamefika dakika 40 kwa sababu kipindi cha runinga bado hakijaanza, angalia ngazi za jukwaa. Wenye watoto wanaondoka kwanza, na hao ndio wateja wa miaka ishirini ijayo.

Kwa kiwanja kinachotaka kujirushia chenyewe, kamera nne zinatosha. Moja iwe juu, chumba cha watangazaji, ikifuata mbio nzima. Ya pili mwisho wa kona ya pili, ya tatu mwisho wa kona ya nne, ya mwisho itembee upande wa mafundi. Fokasi, yaani ukali wa picha, irekebishwe kwa mkono. Kamera iliyoachwa ijirekebishe yenyewe itadaka vumbi au nyavu za uzio na kumwacha dereva ukungu. Taa za zamani za kiwanjani hupepesa kwa mkupuo wa umeme, ambao Marekani ni hezi 60, hivyo kasi ya shata iwe moja ya sitini au moja ya mia na ishirini; ukiweka nyingine, picha itakuwa na mistari inayotembea. Kamera yoyote iliyo karibu na kona inahitaji mtu mwenye kitambaa, maana tope litafika.

Mtandao ndio unaoangusha wengi. Picha nzuri ya laini 1080 inahitaji megabiti 6 hivi kwa sekunde za kupakia, nawe uwe na mara mbili yake. Fundi anapima Alhamisi mchana kiwanja kikiwa kitupu, anapata megabiti 20, anaridhika. Jumamosi wanakuja watu elfu mbili na simu zao, wote wamening'inia kwenye mnara mmoja wa kijijini, na picha inaanza kuganda kwenye mzunguko wa tatu. Dawa ni waya au intaneti ya satelaiti kwa ajili ya matangazo pekee, na laini za simu za mitandao miwili tofauti kama akiba. Sauti ya mtangazaji itoke moja kwa moja kwenye mixa yake. Usiipate kupitia kipaza cha jukwaani, injini zitaimeza. Na matokeo ya muda kutoka kwenye vifaa vya kuhesabia mizunguko yaonekane kwenye skrini na pia kwenye simu ya aliye jukwaani. Ni jambo la kusikitisha kwamba aliyelipa tiketi mara nyingi anajua kidogo kuliko aliyebaki nyumbani: hajui nani wa nne, hajui imebaki mizunguko mingapi, kipaza sauti kimezidiwa na injini. Tatizo hilo halina uhusiano wowote na runinga, na linarekebishika kwa ubao mmoja wa taa wenye namba kubwa.

Kujua kama matangazo yanakula geti lako au yanalilisha, acha kubahatisha. Hesabu waliopita mlangoni. Tiketi zilizouzwa ni namba nyingine. Linganisha usiku na usiku wa aina yake: wa kawaida na wa kawaida, wa mfululizo mkubwa na wa mfululizo mkubwa. Andika utabiri wa hewa ulivyosomeka saa sita mchana, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo familia inaamua. Mvua iliyonyesha kweli usiku haielezi kitu. Omba kila anayenunua mlangoni na mtandaoni atoe msimbo wa posta. Baada ya wiki kumi utaona picha. Wanunuzi wa mtandaoni wakiwa wengi kutoka majimbo ya mbali, umepata wateja ambao usingewapata kamwe. Wakiwa wengi kutoka wilaya yako, tazama ni usiku gani walionunua. Mara nyingi utakuta wamejazana kwenye usiku wenye baridi, au wenye wingu.

Wasomaji mlioko Des Moines, mji mkuu wa Iowa, na mko wengi kutoka Kongo na Burundi, Knoxville ni kama kilomita 65 tu kutoka kwenu. Usiku wa kawaida wa msimu unatosha kuanzia; msisubiri Nationals. Kaeni safu za juu, za chini zinamwagiwa udongo. Watoto wavae vizibo vya masikio vya kufunika sikio lote, maana injini ni za nguvu farasi karibu 900.

Nikirudi kwenye wingu: mvua ndiyo inayoamua zaidi ya kitu kingine. Utabiri ukisema kuna uwezekano wa asilimia 40, aliyekuwa na tiketi ya mapema atakuja, na aliyekuwa bado anafikiria atanunua matangazo. Promota anaweza kumpata huyo wa pili kwa tangazo moja lililoandikwa wazi: mvua ikikatiza kabla fainali haijaanza, tiketi ya leo itaingia usiku wowote mwingine wa msimu, bila kuulizwa. Na litoke kabla ya saa sita mchana. Likitoka saa kumi jioni limechelewa; kufikia hapo nyama iko jikoni na runinga imeshawashwa.